Jinsi ya kubishana nani anastahili ukuta wa magwiji, na kijiwe kisivunjike

Wazee wangu wa Arusha na Moshi, hii ni kwa yeyote mwenye kijiwe, iwe kwenye kahawa pale Kaloleni, iwe stendi ya toyo Mbauda, iwe Pasua au Majengo Moshi. Maana tangu ule uwanja mpya uanze kuchomoza kule Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027 kila mtu ana orodha yake ya wachezaji wastaafu wa kuenziwa, huyu aandikwe ukutani, yule jukwaa liitwe jina lake, mwingine anataka sanamu kabisa getini. Ubishi mtamu, sikatai. Ila tunabishana hovyo, saa mbili nzima watu wanapiga kelele halafu mwisho wa siku hamna hata jina moja lililopita, na wawili wamenuniana mpaka Ijumaa.

Tatizo ni moja tu na ndo nataka tulielewe kabla ya yote: tunaanza na jina. Mtu anafika, hajakaa vizuri, "mimi kwangu ni Lunyamila", yule winga wa zamani wa Yanga, basi imetoka hiyo. Ukishaanza na jina, kila kigezo utakachotaja baadae kinapimwa mwilini mwa huyo mtu kama suti ya send-off, alikuwa na kasi basi kasi ndo kigezo, hakuwa na mabao mengi basi mabao sio kila kitu bana. Kwahiyo kazi ya kwanza kijiweni ni kukataza majina. Nusu saa ya kwanza hakuna jina, anayetaja analipia kahawa.

Sasa hiyo nusu saa mnafanya nini? Mnakubaliana ukuta wenyewe ni wa nani. Hii watu wanairuka halafu inawatesa mbele. Ukuta wa Taifa Stars ni kitu kimoja, ukuta wa klabu ni kingine, na ukuta wa mkoa ndo balaa kabisa maana hapo mnatakiwa kuamua kama mtu anaingia kwa kuzaliwa huku au kwa kucheza huku. Kuna aliyezaliwa Moshi akaenda kumalizia mpira wake wote Dar, na kuna aliyetoka Mbeya au Tanga akaja kuvaa jezi ya AFC Arusha, au akawa na JKT Oljoro enzi zile wako Ligi Kuu 2011 mpaka 2014, au akasimama golini pale Ushirika wakati Polisi Tanzania wanaifanya Moshi iwe na Ligi Kuu kuanzia 2019. Ukuta wa Arusha unamtaka yupi? Mimi nasema aliyecheza huku, kwasababu kuzaliwa sio kazi aliyoifanya yeye, aliifanya mama yake. Ila nyie amueni, mradi muamue mapema.

Cha pili, awe ametundika daluga kweli. Hapa kila mara kuna dogo atamchomeka Samatta. Mwambieni kwa upole kwamba hakuna anayebishana na Samatta, Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara mwaka 2015, akafunga Anfield akiwa na Genk 2019, akafunga fainali ya Carabao dhidi ya Man City 2020 akiwa na Villa, lakini bado anacheza, mwacheni amalize. Wenzetu hili wanalo kwenye sheria. Wamarekani na ule mpira wao wa kushika mikononi, American football, wana ukumbi wa magwiji pale Canton, Ohio, na mchezaji anasubiri misimu mitano tangu aache ndo jina lake lisogee mezani. Sababu yake nzuri tu, ile joto ya mashabiki inakuwa imepoa, mnamwangalia mtu akiwa hana jezi.

Halafu kuna hesabu ya mechi. Ligi ya Uingereza walipoanzisha ukumbi wao 2021, wakaanza na Shearer na Henry, waliweka kwamba mchezaji awe na mechi 250 za ligi, lakini wakaacha mlango wa pembeni kwa mwenye mechi chache aliyefanya makubwa, mataji kadhaa au kiatu cha dhahabu. Cantona aliingia mwaka huohuo na mechi zake 156. Mechi 156 tu, lakini United wakabeba ubingwa mara nne ndani ya misimu mitano akiwepo. Drogba akaja kuingia 2022, Mwafrika wa kwanza, na mashabiki wa Chelsea wa kibanda umiza cha kwetu mpaka leo wanasema alichelewa. Somo la pale ni kwamba wekeni kizingiti na wekeni mlango wa pembeni pia, na huo mlango uandikwe kabisa unafunguliwa na nini, la sivyo kila mtu atampitishia mjomba wake.

Sisi kwetu kizingiti cha mechi ni kigumu, kumbukumbu za ligi za zamani zimetapakaa, huwezi kumwambia mzee akuletee idadi ya mechi za mtu mwaka 1975. Kwahiyo napendekeza swali moja badala ya namba: mtoeni huyu mchezaji kwenye historia, nini kinaanguka? Kama hakuna kinachoanguka, alikuwa mchezaji mzuri, apewe mkono, basi.

Jaribuni hilo swali kwa Peter Tino. Agosti 1979, Ndola, Zambia nyumbani kwao, sisi tunahitaji sare tu baada ya kushinda moja Dar, mechi inaisha moja moja na bao letu ni la Tino. Mtoe Tino, hamna AFCON ya Lagos 1980. Na tujue Lagos ilikuwa nini, tulifungwa 3-1 na Nigeria wenyeji, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast, hatukutamba kivile, lakini baada ya hapo tulikaa miaka 39 mpaka ile Machi 2019 tulipowapiga Uganda 3-0 ndo tukarudi AFCON. Miaka 39 aisee! Watu wamezaliwa, wameoa, wamepata wajukuu, wanasimuliwa bao moja. Hapo kinaanguka kitu kikubwa.

Ila atakuja mjanja atakwambia bao moja ni bahati. Na hapo ubishi unakuwa mzuri sasa, huu ndo ubishi wa kulipia kahawa. Kwasababu upande wa pili mweke Mrisho Ngassa, anayetajwa kwa mabao 25 ya Taifa Stars, miaka na miaka ya kukimbia pembeni, lakini muulize mtu akutajie bao moja la Ngassa lililotupeleka mahali, ataanza kuangalia juu. Ni kosa lake? Hapana, alicheza kipindi ambacho timu ilikuwa haifuzu AFCON. Mimi nampitisha kwa ule urefu wa kazi, na Tino nampitisha kwa ile siku moja, na sioni ubaya ukuta kuwa na milango miwili, mradi mtu aseme anapita mlango gani. Kinachoniudhi ni yule anayechanganya, akibanwa kwenye mabao anakimbilia ukubwa wa mechi, akibanwa kwenye mechi anakimbilia mabao.

Twende kwenye majina sasa, na hapa ndo sheria ninayoipenda kuliko zote: kila mtu anaanza na mchezaji wa upande wa pili. Shabiki wa Simba anafungua na jina la Yanga, wa Yanga anafungua na la Simba, na anatakiwa amtetee kwelikweli, sio kwa kubeza. Mkifanya hivi mtashangaa, kelele zinashuka nusu, kwasababu mtu akishamsifia mtani dakika tano anaona aibu kuanza ushabiki wa kijinga. Mimi ni Mwananchi, yaani Yanga, na jina langu la kufungulia siku zote ni Abdallah Kibadeni, naumia lakini nasema, 19 Julai 1977, Simba 6 Yanga 0, Kibadeni katupia matatu peke yake. Mtoe Kibadeni pale uone kama ile siku ingebaki vile. Nikishalisema hilo nakunywa maji.

Na kuwe na mtetezi mmoja kwa jina moja. Kule Canton wanafanya hivyohivyo, mmoja wa wapiga kura anasimama anawasilisha kesi ya mchezaji, wengine wanasikiliza ndo wanajadili. Kijiweni mpeni mtu dakika tano, simu iwekwe taima, asikatizwe. Najua ni ngumu, hasa kama kuna yule mmoja wa kila kijiwe ambaye hawezi kusikia jina la Mogella, straika wa zamani wa Simba, bila kupiga meza.

Ushahidi sasa. Wachezaji wa juzi wana klipu, wa zamani hawana, na hii inawaonea vibaya. Dogo wa miaka ishirini atakutumia video ya chenga tatu za mtu, mzee upande wa pili ana mdomo tu. Suluhisho sio kuwadharau wazee wala kuwaamini kila kitu. Ukimkuta mzee anayeijua, mpe shikamoo yake, mwagizie kahawa na kashata, halafu usimuulize "alikuwa mzuri?", maana jibu unalijua, "nyie siku hizi hamna wachezaji". Muulize mechi gani, uwanja gani, iliishaje, nani alikuwa golini. Anayekumbuka kweli anakupa vitu vinavyoshikika. Mfano mtu akikwambia Sunday Manara alikuwa hatari, hiyo ni sifa tu, lakini akikwambia Manara alienda kucheza Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, wakati wengi wetu hata kupanda ndege ilikuwa hadithi, hiyo unaweza kuitafuta na ukaikuta. Jina la utani la Computer Manara hakupewa bure. Ila mzee akianza kusema mtu alipiga shuti likachana nyavu na kipa akazimia, itikia "eeh mzee", usiandike.

Makipa na mabeki wana shida yao peke yao. Orodha zetu ukiziacha zijiandike zenyewe zitajaa mastraika na mawinga kumi, kipa mmoja wa kuonea huruma. Kwahiyo tengeni nafasi kabisa, angalau kipa mmoja na mabeki wawili kila mara mnapopiga kura. Kaseja kwa mfano. 2003 Simba wanaenda Cairo kucheza na Zamalek mabingwa watetezi wa Afrika, mkononi wana bao moja la nyumbani, wanafungwa moja kule, zinakuja penalti, Kaseja anadaka, Christopher Alex anamalizia ya mwisho. Mtoe Kaseja, Zamalek wanapita, na sisi tunabaki na stori ya "tulijitahidi". Na angalieni hapo kuna jina la pili pia, marehemu Alex, kila mtu anakumbuka kipa na ni sawa, lakini ile penalti lazima mtu aende akaipige mbele ya Waarabu wote wale.

Kuna hili la nje ya uwanja, tulipitie haraka. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa kikosi cha 1980, baadae akawa rais wa TFF kuanzia 2004 mpaka 2013. Je urais uhesabiwe? Nasema hapana, kama ukuta ni wa wachezaji basi apimwe kwa ubeki na unahodha, na kwa hivyo viwili anapita bila kuhitaji ofisi. Vivyo hivyo na maisha ya mtu mtaani, nani alikunywa, nani ana madeni ya watu, hayo ya kwake. Isipokuwa kuuza mechi. Hilo likithibitishwa jina linatoka, na nasema likithibitishwa, sio "inasemekana", maana inasemekana za mpira wa Bongo ukizifuata utabaki na ukuta mtupu.

Kura iwe ya siri hata kama mko nane tu, kwasababu kura ya mkono watu wanaangaliana usoni. Pale kijiweni kwetu tunatumia vizibo vya soda na kopo la gundi la fundi viatu, kopo limekatwa juu limebaki na utando mkavu wa gundi ya njano pembeni, kizibo kikidondoka kwa upande wa bati kinalia, kikidondoka kwa upande wa gundi kimya, basi watu wanasikilizia sauti wakijifanya wanajua nani kapiga nini. Kizibo kizima ni ndiyo, kilichobondwa ni hapana. Ili jina lipite tunataka nane kwa kumi, kiwango kilekile cha Canton cha asilimia 80. Wengine wanasema ni kali mno, nusu inatosha. Nusu haitoshi bana, nusu ni mashabiki wa timu moja tu wakiwa wengi siku hiyo. Nane kwa kumi maana yake lazima uwashawishi watani.

Msipitishe zaidi ya watatu kwa mara moja. Aliyekosa hajafa, anarudi mwakani na mtetezi mwingine, na mara nyingi ndo mnakuta mtu kaenda kutafuta ushahidi wa maana. Abeid Mziba, straika wa zamani wa Yanga, kwetu amekwama hivyo, kapata saba mara ya mwisho, na mtetezi wake ambaye ni Mnyama, yaani Simba, wa kutupwa kaapa safari ijayo anamleta mzee kutoka Unga Limited aliyemuona kwa macho.

Sisi tumepanga kura inayofuata ni mabeki tu, na kahawa analipa aliyetaja jina la kwanza. Mpaka naandika hapa ni mimi.