Kabla Hujanunua Ghorofa la Zamani Dar es Salaam ili Ulikarabati

Anza na nguzo. Rangi na vigae vina siku yake. Maghorofa mengi ya Upanga na katikati ya mji yana zaidi ya miaka 50, na hewa ya bahari imeyala. Chumvi hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu, zikavimba na kulipasua zege kwa ndani. Panda mpaka juu kabisa, kisha utazame upande wa chini wa kila balkoni. Ukiona michirizi ya kutu, au zege limebanduka na nondo iko nje, usikubali kuambiwa "tutapiga plasta". Plasta inaficha ugonjwa. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa, achukue sampuli za zege zikapimwe maabara, na umlipe kabla hujatoa hata arubuni.

Ulizia pia kilichoongezwa baada ya ramani ya kwanza: ghorofa la juu, ukuta uliovunjwa kupanua duka, matangi ya paani. Tangi la lita 5,000 likijaa, maji peke yake ni tani 5, na paa moja linaweza kubeba matangi kadhaa. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mashuhuda walisema chini yake kulikuwa kunachimbwa. Kwa hiyo nasisitiza: ukishanunua, asiguse mtu nguzo wala msingi bila mhandisi na kibali cha halmashauri, hata kama mpangaji wa duka la chini anakuahidi kodi mara mbili.

Hati ipekuliwe kwa Msajili wa Hati, si kwa dalali. Angalia miaka iliyobaki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99), rehani ya benki, deni la pango la ardhi, na ridhaa ya mwenzi wa muuzaji. Kama unachonunua ni fleti chache tu ndani ya jengo, hakikisha zina hati zake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, na ujue ngazi, paa na lifti vinatunzwa na nani. Fleti nzuri chini ya paa linalovuja lisilo na mwenyewe ni hasara ya miaka.

Jambo linalosahaulika sana ni wapangaji. Mjini kodi hulipwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na hiyo fedha muuzaji ameshaila. Omba mikataba yote, piga hesabu ya miezi iliyolipwa mbele, ukaikate kwenye bei. Vinginevyo utakaa miezi kadhaa na jengo lililojaa watu lakini halikuingizii kitu.

Kwenye bajeti, mabomba ya chuma ya zamani uyahesabu yote kuwa mabovu, na nyaya za umeme vilevile. Kila fleti iwe na LUKU yake. Mita ya pamoja huzaa ugomvi kila wiki. Mkadiriaji majenzi akikupa jumla, ongeza angalau asilimia 20, kwa sababu jengo la zamani huonyesha siri zake ukuta ukishabomolewa. Kazi ianzie paani na kwenye maji taka, ishuke ngazi kwa ngazi, na wapangaji wapewe notisi ya maandishi mapema ili wajipange kuhusu watoto na wagonjwa wao.