Namna ya kuongeza mita za mabomba ya majitaka zinazokaguliwa kwa kamera

Msimamizi anayetaka kikosi chake kikague mita nyingi zaidi kwa siku asianze kwa kuiharakisha kamera ya magurudumu inayopita ndani ya bomba. Katika miji ya Marekani inayofuata PACP, mfumo wa kuainisha kasoro za mabomba wa NASSCO, chama cha kampuni za huduma za majitaka, kamera haitakiwi kwenda zaidi ya futi 30, yaani takriban mita 9, kwa dakika, ili mwendeshaji aweze kuona nyufa na viungo vilivyoachana. Kwa hiyo kipande cha mita 100 kati ya chemba mbili huchukua kama dakika 11 za mwendo mtupu, bila kuhesabu kusimama penye kasoro na maungio ya nyumba. Muda mwingi hupotea nje ya bomba: kutafuta chemba iliyofunikwa na lami, kupanga koni barabarani, kushusha na kupandisha mashine, kusubiri gari la kusafishia.

Mtu atangulizwe mapema na ramani, athibitishe kwamba kila chemba inaonekana na mfuniko wake unafunguka. Kazi ipangwe mtaa kwa mtaa, badala ya kufukuzia malalamiko yaliyotawanyika, na kamera ikishafika kwenye chemba ikague mabomba yote yanayokutana hapo kabla gari halijahama.

Gari la kusafisha kwa maji ya presha litangulie kwa vipande vichache tu, kwa sababu likitangulia mno mchanga na mafuta hurudi kabla ya kamera kufika. Mabomba makubwa yenye maji mengi yakaguliwe usiku, mtiririko unapopungua. Mizizi ikiizuia kamera katikati, kikosi kiingilie chemba ya upande wa pili siku hiyohiyo, kwani kurudi wiki nyingine ni kulipia koni zilezile mara mbili.

Kamera ya mlingoti inayochungulia kutoka kwenye chemba husaidia kuchagua mabomba ya kutangulizwa, ingawa haioni mbali na haichukui nafasi ya ile ya magurudumu.

Kipimo chenyewe nacho hupotosha. Zihesabiwe mita ambazo video na alama zake za kasoro, zenye madaraja ya 1 hadi 5, zimehakikiwa na kukubaliwa. Mkandarasi anayelipwa kwa urefu wa kebo iliyovutwa atavuta kebo tu. Pamoja na mita hizo, kila saa iliyopotea iandikwe na sababu yake, maana daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama fedha zinunue kamera ya pili au gari la pili la kusafishia.