Jinsi ya kusoma rekodi ya mtafiti wa RNA bila kupotoshwa na hesabu ya nukuu

Mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu, na hata mjumbe wa kamati ya ajira, mara nyingi huanza na swali moja: makala za mtafiti huyu zimenukuliwa, yaani kutajwa na makala za wengine, mara ngapi? Naomba uanze na makala zenyewe na miaka zilipotoka, kwa sababu katika sayansi ya RNA, molekuli inayobeba na kudhibiti maelekezo ya jeni ndani ya seli, nukuu huweza kuchelewa sana nyuma ya ugunduzi, na anayehesabu mapema hupita karibu na kazi kubwa asiitambue.

Mchukue mwanabiolojia Victor Ambros wa Marekani. Mnamo Desemba 1993, katika jarida la Cell, yeye na wenzake walionyesha kwamba jeni ya lin-4 ya mnyoo C. elegans, kiumbe chenye urefu wa milimita moja hivi, haitengenezi protini bali hutoa RNA fupi mno, yenye nyukleotidi (viungo vinavyounda mnyororo wa RNA) 22 hivi. Katika toleo lilelile, maabara ya Gary Ruvkun ilieleza jinsi RNA hiyo inavyojishikiza kwenye RNA mjumbe (ile inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) ya jeni ya lin-14 na kuzuia protini yake isitengenezwe. Kwa miaka saba wengi walidhani jambo hilo ni la mnyoo peke yake. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ilitangaza RNA fupi ya pili, let-7, ikaonekana kuwa ipo pia kwa wanyama wengine wengi, binadamu akiwemo. Mwaka uliofuata maabara tatu, moja ikiwa ya Ambros, zilichapisha katika Science orodha za RNA za aina hiyo, nazo zikapewa jina la mikroRNA. Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba iliwajia Ambros na Ruvkun mwaka 2024.

Basi fungua ukurasa wa mtafiti katika Google Scholar, huduma ya kutafuta makala za kitaaluma mtandaoni, bonyeza kila makala muhimu, na utazame mchoro wa nukuu zake mwaka hadi mwaka. Jiulize nukuu zilianza kupanda lini, na ni ugunduzi gani wa wengine uliozipandisha.

Kisha tenganisha aina za makala. Makala za mapitio, zinazofupisha kazi za wengine, na za mbinu hunukuliwa kwa wingi hata zisipokuwa na ugunduzi mpya: makala ya Livak na Schmittgen ya mwaka 2001, inayoeleza hesabu ya kulinganisha viwango vya RNA, ni miongoni mwa zinazonukuliwa mno katika biolojia nzima, kwa kuwa kila anayetumia hesabu hiyo huitaja. Hiyo ni huduma ya kweli kwa wanasayansi, lakini haipimwi kwa mizani moja na ugunduzi wa lin-4.

Angalia pia mpangilio wa majina. Katika biolojia ya molekuli jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara. Makala ya 1993 inaanza na Rosalind Lee, ikifuatiwa na Rhonda Feinbaum, na kumalizika na Ambros. Anayesoma jina la mwisho tu huwadhulumu wale wawili. Kwa majina yanayofanana, kama hilo la Lee, thibitisha kwa namba ya ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti mmoja mmoja.

Kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kitumie kwa tahadhari. Mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja, hivyo makala iliyonukuliwa mara elfu kumi huhesabiwa humo kama moja tu. Tarakimu hutofautiana pia kati ya Google Scholar na hifadhidata nyingine za nukuu, Scopus na Web of Science, kwa hiyo andika chanzo na tarehe uliyohesabu.

Mwisho, na hapa ndipo ningekusihi utumie muda mwingi zaidi, chagua makala kumi zinazomnukuu mtafiti wako na utafute sentensi zinazomtaja. Nyingine humtaja kwa desturi tu katika utangulizi, pamoja na wengine watano. Nyingine zimerudia jaribio lake, zimelipinga, au zimejenga juu yake. Hizo za kundi la pili ziandike kwenye daftari, moja moja, pamoja na lile lililochukuliwa kutoka kwake.