Kutoka KDF hadi cheti cha kiraia: njia ya RPL jijini Nairobi

Fundi wa magari aliyetumikia KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, miaka mingi hutoka na ujuzi tele na karatasi chache ambazo mwajiri wa kiraia anazielewa. Pengo hilo huzibwa kwa utambuzi wa ujuzi wa awali, yaani RPL, chini ya KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu na ujuzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hapimwi mtu kwa cheo chake wala kwa miaka aliyokaa kambini. Swali ni moja: unaweza kuifanya kazi hii leo, kwa kiwango kilichoandikwa?

Kwa hiyo anza na viwango, makaratasi yako yasubiri. TVET CDACC, baraza la mitaala na utahini wa mafunzo ya ufundi, ina viwango vya kazi mbalimbali, vimegawanywa kwa vitengo vya umahiri. Kando ya kila kitengo andika kama unakiweza na ushahidi unao, unakiweza lakini huna ushahidi, au hukiwezi. Mfumo wa kitaifa wa sifa una ngazi 10, na diploma ni ya 6. Wengi huikimbilia hiyo, kumbe inadai pia usimamizi na uandishi wa ripoti. Sajini aliyeendesha karakana ana la kuonyesha. Aliyekuwa akibadilisha klachi tu na aanzie chini.

Kazi kubwa iko kwenye jalada la ushahidi. Tia kitambulisho, cheti cha kuacha jeshi na vyeti vya kozi, kila kimoja na orodha ya mada zilizofundishwa na muda wake. Cheti kinachosema “alihudhuria kozi ya ufundi” na kunyamaza hakimsaidii mtathmini. Barua ya aliyekusimamia nayo itaje vitendo: alipima, alifungua, alikarabati, alikagua. Vifupisho vya jeshini viandike kwa kirefu. Mtathmini hakupita chuo cha kijeshi cha Lanet.

Usiweke picha za silaha, ramani za kambi wala hati za operesheni. Sheria ya siri za serikali haikomi siku unapovua sare.

Jalada linaweza kukataliwa kwa ushahidi uliochakaa. Ikiwa hujagusa injini tangu 2012, fanya kazi kwanza miezi michache katika gereji ya Grogan au Industrial Area, upate barua, kadi za kazi na picha zenye tarehe. Hapo hapo jizoeze kutumia mashine ya kusoma hitilafu za gari, kwa maana baada ya jalada huja mahojiano na jaribio la vitendo.

Kabla ya kulipa, uliza chuo kama kimeidhinishwa kufanya RPL kwa kozi hiyo hasa. Matokeo hutolewa kitengo kwa kitengo, kwa hiyo ukikwama kwenye viwili, soma hivyo viwili. Anayetaka cheti cha ufundi tu anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani iliyoko Commercial Street, kuanzia gredi ya III hadi ya I.

Chuo kikuu ni habari nyingine. Cheti cha RPL hakipunguzi masomo chenyewe. Omba kwa maandishi uhamisho wa alama za kozi kabla ya kujisajili, ukiambatisha maelezo ya kila somo, na usilipe karo kwa ahadi ya mdomo. Aliyetumikia jeshi la nchi kavu la Marekani aombe rekodi yake ya JST, yaani ya mafunzo na kazi za kijeshi, itumwe moja kwa moja chuoni. Mapendekezo ya alama ya ACE, baraza la elimu la Marekani, yaliyomo humo hayakifungi chuo chochote.