Kuandaa mtandao wa ofisi kwa simu za intaneti: hesabu, foleni ya kupakia na ruta

Ofisi inaweza kulipia laini ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) na bado wateja wakasikia sauti ya roboti, huku jirani mwenye Mbps 10 akizungumza bila tatizo. Sauti ya simu inahitaji kasi ndogo sana. Inachohitaji ni pakiti zake, yaani vipande vidogo vya data, kufika kwa mpangilio bila kusubiri nyuma ya faili la mtu mwingine. Ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko zote. Ukiwa na haraka, anza nayo.

Hatua ya 1: Jua simu ngapi zitakuwa hewani kwa pamoja

Usihesabu vifaa vilivyo mezani. Chukua rekodi za simu, tafuta saa yenye shughuli nyingi kuliko zote, kisha zidisha idadi ya simu kwa wastani wa dakika za kila moja na ugawe kwa 60. Simu 100 za dakika 3 kila moja ni dakika 300, yaani erlangi 5: wastani wa simu 5 hewani kwa wakati mmoja. Hiyo 5 ni wastani tu, na simu haziji kwa wastani: zinakuja kwa mafungu. Kwa kanuni ya Erlang B, ili simu inayokosa nafasi isizidi moja kati ya 100, unahitaji nafasi 11. Kwa kituo cha huduma kwa wateja, hesabu kila mhudumu kuwa yuko kwenye simu.

Hatua ya 2: Geuza idadi hiyo iwe kasi

Kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Juu yake kuna vichwa vya itifaki zinazoisafirisha: RTP baiti 12, UDP 8, IP 20, na Ethernet 18. Jumla ni baiti 218. Zidisha kwa 8 na kwa 50, unapata kilobiti 87.2 kwa sekunde, kwenda na tena kurudi. Simu 11 ni karibu kilobiti 960 kila upande. Weka kilobiti 100 kwa kila simu ili hesabu iwe na nafasi ya kupumua.

G.729 inabana sauti hadi kilobiti 8, mara nane chini ya G.711. Lakini vichwa havibanwi: baiti 20 za sauti zinabeba baiti 58 za vichwa, na kwenye waya unaishia kilobiti 31.2. Ushauri wangu ni kubaki na G.711, au G.722 yenye sauti pana kwa matumizi yaleyale, isipokuwa laini ni nyembamba kweli. G.729 huharibu faksi na muziki wa kusubiria, na pakiti zikipotea inaumia zaidi.

Kama simu zinapita ndani ya VPN (njia ya siri kupitia intaneti), kila pakiti inaongezewa kichwa kingine, na kwa pakiti ndogo kama hizi ongezeko hilo ni kubwa. Lihesabu.

Linganisha jumla yako na kasi ya kupakia, si ya kupakua. Laini nyingi zinauzwa kwa namba ya kupakua, na ya kupakia ni sehemu ndogo yake.

Hatua ya 3: Pima laini ikiwa na kazi

Kipimo cha kasi cha kawaida kinakuambia megabiti, basi. Fungua ping (amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi) kwenda seva ya mtoa huduma wa simu, iache dakika mbili mtandao ukiwa umetulia, kisha anza kupakia faili kubwa huku ping ikiendelea. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 400, umeshaona ugonjwa.

Viwango vya kulenga: ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 (ndiyo namba ya pendekezo la G.114 la ITU), jita (kuyumba kwa muda wa pakiti kufika) chini ya milisekunde 30, na upotevu wa pakiti chini ya asilimia 1. Ping hupima kwenda na kurudi, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja na 150.

Kama una seva ya iperf3 (programu ya kupima mtandao) nje ya ofisi, iga simu 11 hivi:

`iperf3 -c SEVA -u -b 757k -l 172 -t 300`

Baiti 172 ni sauti pamoja na kichwa cha RTP. Rudia ukiongeza `-R` ili upime upande wa pili. Fanya hivyo saa za kazi. Kipimo cha usiku wa manane hakina faida hapa.

Hatua ya 4: Tibu foleni ya kupakia

Kompyuta za ofisi zinasukuma data kwenye ruta kwa kasi ya gigabiti 1. Mlango wa kutokea una, tuseme, Mbps 10. Tofauti hiyo inajaa kwenye kumbukumbu ya modemu. Modemu yenye nafasi ya megabaiti 1 ikijaa kwenye laini ya Mbps 10, pakiti inayoingia mwisho wa foleni inasubiri sekunde 0.8. TCP, itifaki inayobeba mafaili, kwa kawaida haipunguzi mwendo mpaka pakiti zianze kudondoka, kwa hiyo hifadhi-nakala moja ya picha inatosha kuijaza. Pakiti ya sauti iliyochelewa kiasi hicho simu huitupa, na hapo ndipo unaposikia mikato.

Wengi huwasha QoS (mpangilio wa vipaumbele kwenye ruta), wanaipa sauti kipaumbele, na hakuna kinachobadilika. Sababu ni hii: foleni iko kwenye modemu, si kwenye ruta yako. Ruta inaona mlango wake wa gigabiti uko wazi, inapitisha kila kitu papo hapo, na kipaumbele ulichoweka hakina pakiti za kupanga. Lazima ruta yako iwe ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Iwekee kikomo cha asilimia 90 ya kasi ya kupakia uliyoipima, au 85 kama laini inayumba. Sasa foleni inahamia kwako, na wewe ndiye unayeamua nani atangulie.

Mambo yanayoharibu hatua hii:

Kutumia kasi iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukiweka kikomo cha 10 na laini inatoa 8, foleni imerudi kwenye modemu. Pima mara kadhaa kwa siku na uchukue namba ya chini.

Laini za mtandao wa simu za mkononi. Kasi yake hubadilika kila dakika, hivyo kikomo kisichobadilika ama kitabana mno ama hakitasaidia. Kama kuna namna yoyote ya kupata waya au fiba kwa ajili ya sauti, ichukue.

Njia za mkato ndani ya ruta. Ruta nyingi zinapitisha trafiki kwenye chipu maalumu bila kugusa foleni. Kwenye MikroTik, kwa mfano, trafiki iliyoingia FastTrack inaruka foleni rahisi. Zima njia hiyo, kisha angalia kama prosesa inamudu kasi yote. Ikifika asilimia 100, ruta yenyewe imekuwa tatizo jipya.

Kuamini kupita kiasi alama za DSCP, yaani alama za kipaumbele zilizo kwenye kila pakiti. Simu za mezani kwa kawaida huwekwa zitie alama ya EF, yaani 46, lakini programu za simu kwenye kompyuta mara nyingi hazitii kitu mpaka uziwekee sera. Hakikisha kwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti. Pia alama hiyo mara nyingi haiheshimiwi nje ya ruta yako, isipokuwa mkataba wa laini uwe umeitaja.

Kuhusu aina ya foleni, chagua CAKE au fq_codel, kanuni za kupanga foleni, kama ruta yako inazo. Zinatenganisha kila mtiririko na kutanguliza ile myembamba, na sauti ni nyembamba kwa asili yake. Mara nyingi hutahitaji kuandika sheria hata moja. Foleni za kipaumbele za kuandika kwa mkono zinafanya kazi pia, ila ziwekee kikomo, la sivyo programu moja inayojitia alama ya EF itameza laini yote.

Upande wa kupakua, foleni iko kwa mtoa huduma. Kikomo kwenye ruta yako husaidia kwa kuifanya TCP ipunguze mwendo, lakini udhibiti si kamili, kwa hiyo acha nafasi zaidi.

Rudia ping ya hatua ya 3. Faili likipakiwa, ongezeko lisizidi milisekunde 30. Likizidi, shusha kikomo kwa asilimia 5 na upime tena.

Hatua ya 5: Swichi na waya

Simu za mezani ziende kwa waya, kwenye VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya swichi). Hesabu umeme wa PoE, unaopita kwenye waya wa mtandao: 802.3af ni hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na swichi ndogo haziwezi kuyalisha matundu yote kwa kiwango hicho. Kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu yenye tundu la Mbps 100 itaishia Mbps 100.

Hatua ya 6: SIP ALG na NAT

SIP ni itifaki ya kuanzisha na kukata simu, na SIP ALG ni kipengele cha ruta cha "kuisaidia". Zima SIP ALG. Inabadilisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, na mara nyingi inazibadilisha vibaya. Sauti ikisikika upande mmoja tu, anza hapo. Simu ikikatika kila mara kwenye sekunde ya 32, ujumbe wa ACK (uthibitisho kwamba simu imejibiwa) haufiki: upande uliojibu unasubiri muda huo kisha unakata.

Simu zinazotoka vizuri lakini haziingii baada ya kimya kifupi ni dalili ya NAT, sehemu ya ruta inayotafsiri anwani za ndani kuwa za nje, kusahau njia. Ruta nyingi hufuta kumbukumbu ya UDP baada ya sekunde 30. Weka simu zitume ujumbe wa kudumisha njia kila sekunde 20. Usifungue mlango 5060, unaotumiwa na SIP, kwa dunia nzima. Ruhusu anwani za mtoa huduma pekee. Ukiwa na laini mbili za intaneti, ifunge sauti kwenye moja, ihamie ya pili pale tu ya kwanza inapokufa.

Hatua ya 7: Jaribio la mwisho

Piga simu zote 11 kwa pamoja, pakia faili kubwa, na uziache dakika 35. Vipima-muda vya kikao vya SIP kwa kawaida ni sekunde 1800 na huhuishwa nusu ya muda huo, kwa hiyo kosa lake linajitokeza kwenye dakika ya 15 au ya 30, na jaribio la dakika tano halitaliona. Zikiwa bado hewani, fungua takwimu za RTP kwenye simu mbili tatu na uandike jita na upotevu wa pakiti kwa kila upande.