Kuhakiki utenzi wa kale hatua kwa hatua: mfano wa Mwana Kupona

Ukimpa mwanafunzi utenzi wa kale, mara nyingi ataanza na dhamira: "utenzi huu unazungumzia nafasi ya mwanamke katika jamii." Kisha atarudi nyuma kuokota mistari ya kuiunga mkono. Uhakiki wa namna hiyo unaweza kubandikwa kwenye shairi lolote. Utaratibu ulio hapa chini unaanzia kwenye neno na silabi, na maana unaifikia baadaye.

Mfano wetu ni Utendi (yaani utenzi) wa Mwana Kupona, mshairi wa kike: beti zipatazo mia moja za wosia wa mama huyo kwa bintiye. Tafuta matini yenye beti zilizopewa namba, kamusi ya Kiswahili sanifu, kamusi nyingine inayoonyesha maneno ya Kiamu (lahaja ya Lamu) na asili za Kiarabu, na daftari. Usianze na beti zote. Kumi za mwanzo zinatosha kwa siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua unasoma nakala ya nani

Tendi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika uandishi wa zamani alama moja ilisimamia *e* na *i*, nyingine *o* na *u*. Kwa hiyo aliyezihamishia kwenye hati za Kilatini alikwisha kukufanyia sehemu ya uhakiki bila wewe kujua. Toleo la Werner na Hichens lilitoka 1934. Utendi huu upo pia katika mkusanyo wa tendi wa Allen wa 1971. Andika juu ya daftari unatumia lipi, maana tahajia, na hata maneno, huweza kutofautiana.

Hatua ya 2: Fasiri neno kwa neno

Chukua ubeti wa kwanza:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia.*

Gawa ukurasa safu tatu: neno lilivyo, maana yake kwa Kiswahili sanifu, na maelezo. *Negema* ni sogea karibu. *Upulike* ni usikilize. *Wasiati* ni wosia. *Asa* ni huenda. Hadi hapo hakuna taabu.

Taabu iko kwenye *mchachefu wa sanati*. Ukilitazama *sanati* kama neno la Kiarabu la mwaka, unapata mtu mwenye umri mdogo, na huyo ni binti. Ukilihusisha na *hasanati*, yaani mema yenye thawabu, unapata mtu mwenye upungufu wa mema, na hapo huenda mama anajinyenyekeza mwenyewe kabla ya kuusia. Andika zote mbili. Anayechagua moja na kuificha nyingine atakwama mbele, kwa sababu sauti ya utenzi mzima inabadilika kidogo kwa kila chaguo.

Kosa linalojirudia hapa ni kuchanganya lahaja na uhuru wa mshairi. Ubeti wa tatu unaanza *ndoo mbee*, yaani njoo mbele. Wengi huandika kwamba "mbee" ni inkisari, yaani neno lililofupishwa na mshairi. Sivyo: ndivyo lahaja ya Kiamu inavyolitamka neno. Ukitaka uhuru wa mshairi wa kweli, tazama *wangu binti*. Mpangilio umegeuzwa ili *ti* iangukie mwishoni, ilingane na *sanati* na *wasiati*. Hiyo ndiyo kuboronga sarufi, na sababu yake unaiona.

Hatua ya 3: Hesabu mizani kwa penseli

Utenzi wa kawaida una vipande vinne kwa ubeti, mizani (yaani silabi) nane kila kipande. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayolingana. Cha nne kina kina kinachorudi utenzi mzima, hapa *-a*. Vina vya kati havipo, basi usivitafute.

Kata silabi kwa mistari ya wima: ne/ge/ma/wa/ngu/bi/n/ti. Nane. Ukipata saba, umeimeza *n* ya "binti", ambayo ni silabi kamili. Vivyo hivyo *m* katika m/cha/che/fu na katika ku/ta/m/ka. Kinyume chake, *mwa* katika "mwaka" ni silabi moja. Makosa mengi ya mizani yanatoka kwenye vitu hivi viwili tu.

Ubeti wa tatu una mtego mwingine: vina vyake ni *ujilisi*, *karatasi* na *hadithi*. Kabla ya kumlaumu mshairi, soma kwa sauti. Wapo Waswahili wengi wanaotamka "hadisi", na kwao kina kimetimia. Tendi zilikusudiwa kughaniwa, kwa hiyo sikio ndilo hakimu wa kwanza.

Hatua ya 4: Nani anasema, na anamwambia nani?

Kwa kawaida tunaonywa tusimchanganye nafsineni (anayesema ndani ya shairi) na mwandishi. Onyo hilo ni zuri, ila hapa lisichukuliwe kibubusa: kuelekea mwisho mtunzi anajitaja kwa jina na kusema alizaliwa Pate, karibu na Lamu. Anataja pia mwaka wa kutunga kwa hesabu ya Kiarabu, elfu moja na mia mbili na sabini na tano. Hiyo ni Hijria 1275, iliyoanza Agosti 1858, ndiyo maana vitabu vingi huandika 1858.

Chora mstari pembeni pale nafsinenewa (anayeambiwa) anapobadilika. Mwanzo ni binti mmoja, anayeambiwa akae na wino na karatasi. Mwishoni wanaitwa wanawake wote wasome. Usipouona mgeuko huo utaandika kwamba ni barua ya faragha, nawe utakuwa umesoma nusu.

Hatua ya 5: Mlete mwandishi, kwa kipimo

Sasa, si kabla, soma wasifu. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliopambana na utawala wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibari. Anapotunga ni mjane na mgonjwa. Ubeti wa pili unasema maradhi yametimiza mwaka. Chukua kutoka kwenye wasifu kile tu kinachofafanua mstari unaoweza kuuonyesha. Aya nzima ya historia ya Siyu isiyogusa ubeti hata mmoja ni ya kufuta.

Hatua ya 6: Tafuta mahali panapokataa kulala

Maana ya juu ni nyepesi: radhi tano za kutafuta, yaani za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na ya mume inasisitizwa. Msomaji wa haraka huandika "utii kwa mume" akafunga daftari.

Lakini tazama namna mume huyo anavyosawiriwa:

*Mtunde kama kijana*
*asiyoyua kunena*

Yaani mwangalie kama mtoto asiyejua kusema (*kijana* hapa ni mtoto mdogo, si barobaro). Tashibihi hii, yaani mfananisho huu wa "kama", inamweka nani juu? Mtoto hutunzwa, anayemtunza ndiye anayejua. Hapo ndipo wahakiki wanapogawanyika: wapo wanaousoma utenzi kama mafunzo ya unyenyekevu, na wapo wanaosikia mama akimfundisha bintiye kuendesha nyumba kwa akili. Msimamo wowote ni halali ukiushikiza kwenye beti mbili au zaidi zinazotoka sehemu mbalimbali. Ubeti mmoja hautoshi. Usisahau pia kwamba mtunzi anaamini kwa dhati malipo ya akhera. Usomaji unaomgeuza kuwa mwanaharakati wa leo unahitaji kuruka beti nyingi.

Hatua ya 7: Andika aya

Dai kwa sentensi moja, mistari miwili ya ushahidi pamoja na namba ya ubeti, kisha maelezo marefu kuliko ushahidi wenyewe. Ndani ya maelezo taja angalau kitu kimoja cha fani: kina, mpangilio uliogeuzwa, tashibihi. Ukimaliza, funika jina la utenzi kwa kidole usome tena aya yako. Kama ingefaa kwa utenzi mwingine wowote, rudi hatua ya 2.