Namna ya kushtaki fujo ili adhabu isiwe ya mzaha

Hapa Kibirizi, Kigoma, tunapoanika dagaa, fujo zina majira yake. Usiku wa giza wanaume wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, vijana wana hela mfukoni na pombe haiko mbali. Mbalamwezi moja wawili walikunjana mashati mbele ya kichanja changu, mmoja akamsukumia mwenzake juu ya wavu. Mabeseni manne ya mzigo wa mwisho wa giza, Sh 160,000 nilizotoa mkononi, yakaenda mchangani. Dagaa nusu mkavu akishashika mchanga hafai tena: ukimwosha anakatika, ukimwacha mteja anatafuna mchanga.

Mahakama ya Mwanzo ikamtoza aliyesukuma faini ya Sh 50,000. Tajiri wa mtumbwi akalipa pale pale, na jioni kijana akapita mbele yangu akipiga mluzi. Mimi nilirudi mikono mitupu, maana faini inaingia serikalini. Nikasema kama wanavyosema wengi hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kwamba mahakama zinawalea. Faini ile ilikuwa nyepesi, hilo silirudishi. Lakini hakimu alipata kwangu maneno mawili tu: walipigana, dagaa wakamwagika. Sikutaja idadi wala bei, na sikuomba kitu.

Mara ya pili kijana mwingine alikipiga teke kichanja kwa sababu nilimkataza kutukana mbele ya watoto. Safari hiyo nilikwenda nimejipanga, na hivi ndivyo ninavyowaambia wenzangu wafanye.

Usiokote hata dagaa mmoja kwanza. Mwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa aone kwa macho yake, piga picha, hesabu kilichoharibika. Mwaloni hatupeani risiti, kwa hiyo uwe na daftari: tarehe, mabeseni mangapi, umenunua kwa nani, kwa bei gani. Huyo aliyekuuzia ndiye shahidi wako wa bei. Tafuta na wawili walioona tukio lenyewe. Anayesema "nilisikia" mwache nyumbani. Ukiwa umeumia, pitia polisi uchukue PF3, fomu yao ya matibabu, ndipo uende hospitali, ila kama damu inatoka sana hospitali kwanza.

Shtaka ndilo lililoniponza mara ya kwanza. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu matusi na fujo zinazoweza kuvunja amani, na mwisho wake ni miezi 6. Kuharibu mali kwa makusudi ni kifungu cha 326, kinachofika miaka 7, ingawa Mahakama ya Mwanzo yenyewe haifungi mtu zaidi ya miezi 12. Kama mali imeharibiwa makusudi, sema hivyo tangu unapofungua malalamiko. Ukisema "fujo" tu, litaandikwa fujo tu.

Ndani ya Mahakama ya Mwanzo hakuna askari wa kukusemea. Unasimama mwenyewe, unaeleza kwa Kiswahili, unawaita mashahidi wako. Tarehe usikose hata moja, hata kama mitumbwi imeleta mzigo asubuhi hiyo. Mlalamikaji asipotokea kesi inaweza kufutwa.

Akitiwa hatiani, hapo ndipo wengi wetu tunakaa kimya, na hapo ndipo pa kusema. Kifungu cha 31 cha Kanuni hiyo hiyo kinaruhusu mahakama kuamuru fidia, iwe juu ya adhabu nyingine au badala yake. Iombe kwa kiasi, ukionyesha daftari. Omba pia aweke dhamana ya kutunza amani, yaani ajifunge mbele ya mahakama kwamba hatarudia fujo. Kama alishawahi kutiwa hatiani, nenda na namba ya kesi ile. Na akiachiwa kwa masharti, usipige kelele barazani kwamba ameshinda: masharti hayo yanaweza kufika miezi 12, na akikosea tena ndani ya muda huo anaweza kuadhibiwa hata kwa kosa la kwanza.

Kuna wanaotaka kila mgomvi apelekwe gereza la Bangwe. Mimi sikuomba hivyo. Kijana wa miaka ishirini akikaa miezi sita ndani, dagaa wangu hawarudi, na mama yake ndiye atakayeumia. Anayepiga watu kila mbalamwezi ni habari nyingine, huyo afungwe. Ninachokikataa ni faini inayolipwa na tajiri. Mkosaji hasikii chochote.

Yule wa teke aliamriwa fidia ya Sh 90,000 kwa awamu tatu. Kila awamu tulilipana mbele ya karani na nikasaini. Nawe usipokee njiani, hata akikubembeleza. Ya mwisho alileta mwenyewe, noti zikinuka samaki, akazihesabu moja moja juu ya meza ya karani huku tajiri wake akisubiri nje.